Bakuli la Supu Baridi: Historia ya Chakula Kimoja cha Hungaria na Maneno Yake katika Kiswahili

1. Utangulizi

«Mla ni mla leo, mla jana kala nini?» Methali hii husemwa ili kumkumbusha mtu kwamba shibe ya jana haiondoi njaa ya leo. Mwanahistoria anayo ruhusa ya kuisikia kwa namna nyingine, yaani kama swali halisi linalongoja jibu. Mla wa jana alikula nini? Alikipata wapi chakula chake? Nani alikilima, nani alikibeba, nani alikilipia? Katika vyuo vikuu vyetu historia hufundishwa zaidi kwa njia ya falme, mikataba, vita na migodi; mwanafunzi atakaye kuandika tasnifu juu ya chungu cha jikoni huulizwa kama hakuona jambo la maana zaidi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba chungu nacho ni hati ya historia, na kwamba ajuaye kuisoma hukuta ndani yake mambo yanayomhusu asiyoyatarajia.

Chakula tulichokichagua kinatoka mbali. Ni supu baridi ya matunda ipikwayo majumbani katika nchi ya Hungaria. Tumekichagua kwa sababu mbili. Kwanza, viungo vyake vikuu vina majina ambayo Kiswahili kiliyapokea kwa njia za biashara ile ile iliyovifikisha Ulaya: sukari, karafuu, mdalasini, limau. Pili, baadhi ya viungo hivyo vilipungua bei na kuingia katika jiko la mtu wa kawaida kwa jasho la watumwa, na miongoni mwa watumwa hao walikuwamo wana wa ardhi yetu ya Kongo. Tutaieleza kwanza supu yenyewe, kisha tutafuata mambo matatu ambayo pasipo hayo isingepikika: sukari, viungo vya harufu na baridi.

2. Supu yenyewe na upishi wake

Kwa Kihungaria supu hii huitwa meggyleves. Neno leves lina maana ya supu, na meggy ni tunda dogo jekundu lenye uchachu mkali, aina ya cheri ambayo Wafaransa huiita griotte. Huiva mwezi wa Juni na Julai, wakati joto la Hungaria linapokuwa kali, na wakati huo ndipo supu hii hupikwa zaidi. Jambo linalomshangaza mgeni ni mahali pake katika mlo: Wahungaria huila mwanzoni, kabla ya nyama, ingawa ni tamu. Majirani zao wana vyakula vya ukoo huo. Wajerumani wana Kaltschale, jina ambalo maana yake ni «bakuli baridi». Wapolandi wana supu zao za matunda. Nao watu wa Skandinavia hupika matunda makavu, kama plamu na zabibu zilizokaushwa, wakiyatia wanga ili mchuzi uwe mzito, na mara nyingi huyala mwishoni mwa mlo.

Upishi wenyewe hauna siri kubwa. Huchukuliwa nusu kilo ya matunda, lita moja ya maji, gramu 100 hivi za sukari, kijiti kimoja cha mdalasini, karafuu tatu au nne, ganda la limau na chembe ya chumvi. Vyote hivyo huchemshwa kwa moto mdogo kwa muda wa dakika kumi hivi, mpaka matunda yalainike pasipo kupondeka. Wapishi wengine huondoa kokwa. Wengine huziacha, kwa kuwa zinatoa harufu nyepesi ya lozi. Kisha huja hatua inayohitaji uangalifu. Mpishi huchanganya krimu chachu, kiasi cha desilita mbili, na kijiko kimoja au viwili vya unga wa ngano, akiukoroga mpaka pasibaki donge. Haimimini krimu hiyo moja kwa moja katika sufuria, kwani moto wa ghafla pamoja na uchachu wa tunda huikata ikawa vipande vipande. Huteka kwanza upawa mmoja wa mchuzi wa moto, akautia kidogo kidogo katika krimu huku akikoroga, hata krimu ikapata joto. Hapo ndipo huirudisha yote katika sufuria na kuichemsha kidogo ili unga uive. Mwishowe supu hupozwa, hufunikwa na kuwekwa mahali penye baridi kwa saa tatu au zaidi.

Mpishi mwenye uzoefu hawezi kuridhika na ladha ya supu ingali moto. Ulimi hausikii utamu sawasawa katika joto na katika baridi: kitu kilicho baridi huonekana kupungua sukari, hata kama sukari yake ni ile ile. Kwa hiyo huionja tena ikiisha kupoa, na kuongeza sukari au maji ya limau ikibidi. Tukumbuke jambo hili, maana linaonyesha kwamba chakula kitamu cha baridi kinadai sukari nyingi kuliko cha moto. Baridi na sukari vimefungamana.

Tunda lenyewe halikuanzia Hungaria. Mwandishi wa Kirumi Plinius alisimulia kwamba Italia haikuwa na cheri kabla ya ushindi wa jemadari Lucullus juu ya mfalme Mithridates, na kwamba Lucullus ndiye aliyezileta mwaka wa 74 kabla ya Kristo kutoka nchi za Bahari Nyeusi. Kutokana na jina lake la Kilatini, cerasus, lilizaliwa neno la Kifaransa cerise. Tangu hapo mcheri ukaenea Ulaya nzima. Lakini tunda peke yake, tena chachu, haliwezi kuwa supu tamu. Tuitazame sukari.

3. Sukari: kutoka changarawe hadi kiazi

Neno letu sukari limetoka katika Kiarabu, sukkar. Waarabu walilipata kwa Waajemi, waliosema shakar. Nao Waajemi walilipokea kutoka India, ambako katika Kisanskriti sharkara lilikuwa na maana ya changarawe au mchanga, kwa sababu ya chembechembe zake. Waarabu ndio waliopanda miwa katika Sisilia na Hispania. Kutoka kwao Waitalia walipata zucchero, Wafaransa sucre, Wajerumani Zucker na Wahungaria cukor. Mama wa Budapest anaposema cukor na mama wa Bukavu anaposema sukari, wanatamka wajukuu wawili wa babu mmoja.

Kwa karne nyingi sukari ilikuwa bidhaa ya wafalme na ya wauza dawa, na watu wa kawaida walijipatia utamu kwa asali na matunda makavu. Hali hiyo iligeuka kwa sababu ya mashamba ya miwa ya Marekani ya kitropiki. Katika karne ya 18 koloni la Kifaransa la Saint-Domingue, ambalo leo ni Haiti, lilikuwa la kwanza duniani kwa kuuza sukari. Karibu na mwaka wa 1789 lilikuwa na watumwa wapatao nusu milioni. Wengi wao walizaliwa Afrika, na katika miaka ya mwisho ya koloni hilo kundi kubwa kati ya Waafrika hao lilikuwa la watu waliopakiwa merikebuni katika bandari za Loango, Malembo na Kabinda, upande wa kaskazini wa mlango wa mto Kongo. Huko kisiwani waliitwa kwa jina moja tu: Wakongo.

Mwezi wa Agosti 1791 watumwa wa Saint-Domingue waliasi na kuyachoma mashamba ya miwa. Tarehe 1 Januari 1804 nchi yao ilitangaza uhuru kwa jina la Haiti. Sukari ilipanda bei Ulaya. Kisha vita vya Napoleon na Waingereza viliziba njia za bahari, hasa baada ya amri yake ya mwaka wa 1806 ya kuzuia biashara na Uingereza. Ndipo Ulaya ilipokumbuka ugunduzi uliokaa bila kutumika. Mwaka wa 1747 mkemia Andreas Marggraf wa Berlin alikuwa ameonyesha kwamba mzizi wa kiazisukari una sukari isiyo na tofauti na ile ya muwa. Mwanafunzi wake Franz Achard alijenga kiwanda cha kwanza huko Silesia mnamo miaka ya 1801 na 1802, na mwaka wa 1811 Napoleon aliamuru kiazi hicho kilimwe kwa wingi.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 viwanda vya sukari ya kiazi vilienea katika milki ya Austria-Hungaria, na karne hiyo ilipomalizika zaidi ya nusu ya sukari ya dunia ilitokana na kiazi. Gramu mia za sukari katika sufuria ya supu ziliacha kuwa anasa. Mwanafunzi wetu azingatie mfuatano huu: mkono wa mtumwa ulizoesha ulimi wa Ulaya utamu, uasi wa mtumwa ni miongoni mwa sababu zilizoisukuma Ulaya kuutafuta utamu huo katika udongo wake yenyewe.

4. Karafuu na mdalasini

Katika lita moja ya supu huingia karafuu tatu au nne. Ni kitu kidogo mno, lakini pasipo hizo supu hupoteza harufu yake. Jina karafuu limetoka katika Kiarabu, qaranful, nalo huhusishwa na neno la Kigiriki karyophyllon, ambalo ndilo mzazi wa girofle ya Kifaransa. Mdalasini nao umetufikia kwa Kiarabu kutoka Kiajemi, dar chini, yaani «mti wa China». Limau ni laymun ya Waarabu. Maneno haya ni ramani ya Bahari ya Hindi: yanatuonyesha nani alikutana na nani sokoni, hata pale ambapo hakuna hati iliyobaki.

Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo, ambako Waholanzi waliulinda kwa ukali ili wauze peke yao. Mnamo mwaka wa 1770 watu waliotumwa na Mfaransa Pierre Poivre walifaulu kuipeleka miche yake katika kisiwa cha Morisi. Kutoka visiwa hivyo vya Wafaransa mkarafuu ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Sultani Seyyid Said, aliyehamisha makao yake kutoka Maskati hadi Unguja, alihimiza upandaji wake, na muda si mrefu Unguja na Pemba zikawa wauzaji wakuu wa karafuu duniani. Kimbunga cha mwaka wa 1872 kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Baada ya hapo Pemba ikawa mbele. Kwa hiyo karafuu iliyouzwa Ulaya katika nusu ya pili ya karne hiyo, wakati supu yetu ilipokuwa chakula cha nyumba za kawaida, ilikuwa kwa sehemu kubwa karafuu ya Waswahili.

Nani aliyeichuma? Karafuu haivunwi kwa mashine. Ni tumba la ua, na lazima lichumwe kwa mkono kabla halijafunguka, kisha lianikwe juani. Kazi hiyo ilifanywa na watumwa. Wengi walitekwa katika nchi za kandokando ya Ziwa Nyasa. Wengine walitoka Manyema, magharibi ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo leo ni mashariki ya Kongo. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyoongozwa na wafanyabiashara wa pwani, ambao Tippu Tip ndiye mashuhuri wao, ilifanya vituo Kasongo na Nyangwe. Huko Nyangwe, siku ya soko, tarehe 15 Julai 1871, Livingstone alishuhudia watu wa misafara hiyo wakiwapiga risasi wanawake na wanaume waliokuja kuuza vyakula vyao, na wengi walikufa maji katika mto Lualaba.

Hapa ndipo historia ya bakuli la mbali inapotugusa sisi, wanafunzi na walimu wa Kiswahili. Misafara hiyo ndiyo iliyoleta Kiswahili katika Maniema. Lugha tunayoifundisha, tunayoitungia tahakiki na ambayo taarifa hii imeandikwa kwayo, iliingia nchini mwetu kwa njia ile ile iliyowatoa watu kwenda mashambani. Hatuna sababu ya kuionea lugha haya. Watoto wa waliobaki waliifanya kuwa yao, na leo ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Lakini hatuna ruhusa ya kuisahau njia hiyo. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku Zanzibar mwaka wa 1873, na utumwa wenyewe ulipoteza nguvu ya sheria mwaka wa 1897.

5. Baridi ilikuwa mali ya nani?

Limebaki jambo la tatu, ambalo halionekani katika bakuli wala haliandikwi miongoni mwa viungo. Supu hii haina maana bila baridi, na baridi wakati wa joto ilikuwa kwa miaka elfu nyingi fahari ya wenye nguvu. Karibu na mwaka wa 1780 kabla ya Kristo, Zimri-Lim, mfalme wa Mari kwenye mto Frati, alijisifu katika maandishi yake kwamba amejenga nyumba ya barafu ambayo hakuna mfalme kabla yake aliyeijenga. Waajemi walijenga maghala makubwa ya udongo yenye kuba kwa kazi hiyo. Neno letu barafu ni lao: kwa Kiajemi barf ni theluji. Sharubati nayo ni sharbat, kinywaji kitamu ambacho katika nchi za Waajemi na Waturuki kilipozwa kwa theluji ya milimani. Kutoka humo Wafaransa wamepata sorbet.

Katika Hungaria maskini waliteremsha vyombo kisimani au walivihifadhi katika sela ya chini ya nyumba. Wenye mali walikuwa na mashimo ya barafu. Wakati wa majira ya baridi barafu ilikatwa kwa misumeno juu ya Ziwa Balaton na mto Danube, ikafunikwa kwa majani makavu, ikakaa hata kiangazi. Baridi ilikuwa zao linalovunwa kama ngano.

Mashine ndiyo iliyobadili hali hiyo. Mwaka wa 1834 Jacob Perkins alipata hataza ya mashine ya kupoza huko London. Mwaka wa 1859 Mfaransa Ferdinand Carré alibuni mashine iliyotumia amonia. Na katika miaka ya 1870 Mjerumani Carl von Linde aliiboresha kazi hiyo kwa ajili ya viwanda vya bia. Mwaka wa 1922 wanafunzi wawili wa chuo cha ufundi cha Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni friji isiyohitaji mota, iendeshwayo kwa joto tu. Friji za namna hiyo, zenye taa ya mafuta chini yake, ndizo zilizopeleka baridi katika misheni na vituo vingi vya kikoloni barani Afrika. Hata Albert Einstein alijaribu. Yeye na Leó Szilárd, mzaliwa wa Budapest, walipata hataza ya friji nchini Marekani mwaka wa 1930, kwa kuwa gesi zilizotumika wakati huo ziliweza kuua watu zikivuja. Muda huo huo ilipatikana gesi ya freoni, isiyo na sumu, na friji yao haikuenea. Freoni nayo ilikuja kuonekana kwamba inaharibu tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal wa mwaka wa 1987 ukaanza kuizuia.

Kwa hiyo supu baridi, iliyohitaji kisima au shimo la barafu, sasa inahitaji umeme, na umeme una siasa yake. Sisi wa Kongo tunalijua jambo hili. Bwawa la Inga I lilianza kazi mwaka wa 1972 na Inga II mwaka wa 1982. Laini ya Inga-Shaba, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, ilijengwa ili kupeleka nguvu hiyo kwenye migodi ya Katanga, iliyoitwa Shaba wakati ule, nayo ilipita juu ya vijiji vingi ambavyo havikupewa hata taa moja. Katika nyumba nyingi za miji yetu frigo hutumika kama kabati kwa siku kadhaa za juma. Mtungi wa udongo, unaovuja unyevu kwa nje na kwa kukauka huko ukapoza maji ya ndani, ungali unafanya kazi ambayo bwawa kubwa halijaifikisha.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba supu ambayo mama wa Hungaria huipika kwa muda mfupi imebeba mwendo wa miaka elfu kadhaa. Tunda lilitoka Bahari Nyeusi, sukari ikatoka India hadi Karibi na kurudi katika udongo wa Ulaya, karafuu ikatoka Maluku hadi Pemba, na baridi ikatoka katika ghala la mfalme hadi katika kabati la jikoni. Kila mara kitu kilichokuwa cha wachache kiliwafikia wengi, na mara mbili angalau gharama ililipwa na watu ambao hawakuketi mezani.

Hatukusudii kumharibia mtu yeyote chakula chake. Anayetaka kuijaribu supu hii anaweza kutumia marakuja au ukwaju badala ya meggy, kwa kuwa uchachu wao unafaa. Akitumia nanasi, alichemshe vizuri kabla ya kutia krimu, maana nanasi bichi hufanya krimu kuwa chungu. Tunachotaka ni kwamba swali la methali liulizwe kwa dhati. Wazee wetu wa Maniema, wa Kivu na wa Katanga bado wanayakumbuka majina ya vyombo, ya vyakula na ya namna za kuhifadhi ambayo hayamo katika kamusi yoyote. Tasnifu moja juu ya maneno ya mtungi, ya jiko na ya soko katika wilaya moja tu, ikiandikwa kwa kuwasikiliza wazee hao kabla hawajaondoka, ingeihudumia historia yetu na Kiswahili chetu pamoja.